Nusu ya Dawa Imo Ndani ya Mgonjwa: Hotuba juu ya Kingamwili za Tiba na Seli za NK, Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mabibi na mabwana, wauguzi na mafundi wa maabara mliobadilishana zamu ili mfike hapa, na nyinyi wanafunzi mliojazana kule nyuma, itifaki imezingatiwa. Waandalizi walinitaka niseme juu ya "dawa mpya za saratani". Kichwa hicho ni kipana mno, na saa ya adhuhuri haitusubiri, kwa hiyo nimekipunguza bila ya kuwauliza. Nitasema juu ya aina moja ya dawa, kingamwili za tiba, yaani protini za kinga zilizotengenezwa kiwandani, na aina moja ya seli ya damu, seli ya NK. Nina neno moja tu la kuleta katika hayo mawili. Dawa hizi hazifanyi kazi peke yake. Nusu ya dawa imo ndani ya chupa, nusu ya pili imo ndani ya mgonjwa mwenyewe, na hiyo nusu ya pili hakuna bohari utakayoiagizia.

Pengine mtauliza Pemba inahusika vipi na habari hizi, ikiwa dawa zenyewe mara nyingi zinatiwa katika hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam, au India kwa wale waliopata rufaa ya mbali. Inahusika, tena sana. Mgonjwa anavuka bahari, anatiwa dripu yake, anarudi kwao na faili mkononi. Baina ya dozi moja na nyingine yuko kwetu. Homa ikimshika usiku wa manane Konde au Kengeja, daktari bingwa wa saratani hayupo. Uliyepo ni wewe uliyekaa hapo mbele, na ni vyema ujue kitu gani kinaendelea ndani ya damu yake.

Mwaka 1975 ulikuwa mwaka wa ajabu katika elimu hii. Kule Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walipata njia ya kutengeneza kingamwili za namna moja tu, zote zikilenga alama moja, kwa wingi wautakao. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Mwaka huohuo wa 1975, Rolf Kiessling na wenzake mjini Stockholm, na Ronald Herberman kule Marekani, walieleza aina ya seli katika damu na wengu ambazo ziliua seli za saratani bila ya kufundishwa kwanza. Seli hizo zikaitwa wauaji wa asili, na wataalamu wamebaki na herufi mbili, NK. Ugunduzi huu na ule ulipita miaka mingi kila mmoja kivyake, kabla watu hawajaona kwamba mmoja unamhitaji mwenzake.

Seli za NK si nyingi. Katika limfosaiti za damu yako, yaani aina ya chembe nyeupe za kinga, kiasi cha asilimia 5 hadi 15 ndizo hizo. Limfosaiti aina ya T inachukua siku kadhaa kumtambua adui wake na kuzaliana. NK haina subira hiyo. Swali likawa, basi inajuaje nani wa kuuawa na nani wa kuachwa? Msweden mmoja, Klas Kärre, alikuja na jawabu katika miaka ya 1980 ambalo mpaka leo linanipendeza. Alisema NK haitafuti kitu kigeni tu, inatazama pia kitu kilichokosekana. Seli zetu zenye afya zinaonyesha juu ya ngozi yake protini za HLA daraja la kwanza, ambazo ni kama kitambulisho cha seli, na NK ikizigusa hizo inatulia. Seli ya saratani, au seli iliyoingiwa na virusi, mara nyingi inazificha protini hizo ili ikwepe limfosaiti za T. Hapo inajiponza, kwani NK ikikosa kuziona, breki yake inaachia.

Ila saratani nyingi haziachi HLA zote zipotee, na NK inabaki inasitasita. Hapa ndipo kingamwili inapoingia.

Mmeiona sura yake vitabuni, herufi Y. Matawi mawili ya juu yanashika alama juu ya seli inayolengwa, na mkia wa chini unabaki nje. Sisi Wapemba tunaweza kuifikiria kama kingoe cha kuvutia matawi ya mkarafuu: kulabu inanasa tawi, lakini karafuu hazichumi kingoe, anachuma mtu aliyeshika ule upande wa pili. Mshikaji hapa ni NK, na mkono wake ni kipokezi kiitwacho CD16. Kingamwili nyingi zikijipanga juu ya seli ya saratani, mikia yake inashikwa na CD16 nyingi kwa pamoja, na ishara inayoingia ndani ya NK ni kubwa kuliko breki zake. NK inajibandika, inageuza mifuko yake midogo kuelekea pale ilipogusana na adui, na inaimimina. Ndani yake imo perforini, inayotoboa ngozi ya seli, na granzaimu, zinazoingia kupitia matundu hayo na kuiamuru seli ijiue. Wakati huohuo NK inatoa intaferoni gama, ambayo inaziita seli nyengine za kinga zije.

Rituksimabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa ajili ya limfoma, saratani ya limfosaiti, inashika alama ya CD20 iliyo juu ya limfosaiti aina ya B. Trastuzumabu, mwaka 1998, inashika alama ya HER2 juu ya baadhi ya saratani za matiti. Dawa zote mbili zimo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa muhimu tangu 2015, na mwishoni mwa 2019 shirika hilo likapitisha trastuzumabu ya kwanza ya kuigiza, yenye bei nafuu zaidi. Kwa hivyo tusizitaje kama dawa za matajiri wa Ulaya peke yao. Zinakuja, na kwa baadhi ya wagonjwa wetu zimeshafika.

Sasa, nani alithibitisha kwamba NK kweli zina mkono katika jambo hili ndani ya mwili, na si ndani ya bomba la maabara tu? Mwaka 2000 Raphael Clynes na Jeffrey Ravetch wa New York walitumia panya wasiokuwa na vipokezi vya kushika mkia wa kingamwili. Dawa ni ileile, uvimbe uleule, lakini kwa panya hao dawa ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Kulabu ilinasa tawi, na upande wa pili hapakuwa na mtu. Kisha mwaka 2002, Guillaume Cartron na wenzake wa Tours, Ufaransa, wakaangalia wagonjwa 49 wa limfoma ya folikuli waliopewa rituksimabu peke yake. CD16 ya binadamu ina namna mbili, kutegemea asidi ya amino, yaani kijenzi cha protini, iliyopo nafasi ya 158, ama valini ama fenilalanini. Yenye valini inashika mkia kwa nguvu zaidi. Wale waliorithi valini kwa baba na kwa mama waliitikia dawa wote ilipofika miezi miwili, na wenye fenilalanini walioitikia walikuwa asilimia 67. Baada ya mwaka mmoja zilikuwa asilimia 90 kwa 51.

Wanafunzi, msikimbilie kuandika hayo kama sheria. Watu 49 ni wachache, na waliorithi valini pande zote walikuwa kumi tu. Tafiti zilizofuata, ambamo rituksimabu ilichanganywa na dawa za kemo, hazikuonyesha tofauti hiyo kila mara. Na CD16 haimo juu ya NK peke yake, makrofaji, seli za kinga zinazomeza adui, nazo zinayo, na wako watafiti wazito wanaosema katika mwili wa binadamu makrofaji zinafanya kazi kubwa zaidi kuliko NK. Vilevile trastuzumabu inaziba ishara za ukuaji za HER2 moja kwa moja, bila ya kumngoja mtu. Mimi naliona hili kama kazi ya wengi, NK akiwa mmoja wao na si mdogo. Anayekwambia kwamba NK ndiye kila kitu, mwombe akuonyeshe wagonjwa, si panya.

Lakini viwanda havikungoja ubishi huo umalizike. Katika mkia wa kingamwili umepachikwa mnyororo wa sukari, na kwenye mnyororo huo kwa kawaida iko sukari moja ndogo iitwayo fukosi. Ikaja kuonekana kwamba ukiiondoa fukosi hiyo, CD16 inaushika mkia kwa nguvu zinazoweza kufika mara 50 ya zile za mwanzo. Kitu kidogo kama hicho! Japani iliidhinisha mogamulizumabu, isiyo na fukosi, mwaka 2012, na mwaka 2013 Marekani ikaidhinisha obinutuzumabu, ndugu wa rituksimabu aliyepunguziwa sukari hiyo. Faida nyengine ni kwamba hata mwenye ile CD16 dhaifu ya fenilalanini anapata mshiko mzuri.

Na wako waliotaka kinyume chake. Pembrolizumabu, dawa inayoziondolea breki limfosaiti za T, imetengenezwa kutokana na aina ya nne ya kingamwili, ambayo CD16 haiipendi. Sababu ni kwamba dawa hiyo inakaa juu ya limfosaiti tunazozihitaji ziishi, na ukiiachia NK iushike mkia, askari wako wenyewe watauliwa. Kwa hivyo ukisikia dawa mbili zote zinaitwa kingamwili, usidhani zina tabia moja.

Mpaka hapa nimesema NK inaifanyia nini dawa. Upande wa pili unasemwa mara chache, nao ndio uliowagusa wauguzi wengi bila ya wao kuujua: dawa inaifanyia nini NK?

Anzeni na dozi ya kwanza ya rituksimabu. Mgonjwa amelazwa, dripu inakwenda polepole, baada ya saa moja au mbili anaanza kutetemeka, joto linapanda, presha inaweza kushuka. Ndugu zake wanaona dawa imemkataa. Mara nyingi si mzio wa kawaida. Ni kwamba vita vimeanza, NK na wenzake wameamka wote kwa pamoja na wanamwaga vichochezi ndani ya damu. Ndiyo maana dozi ya kwanza inakwenda taratibu, baada ya kupewa parasitamo na dawa ya mzio, na dozi za baadaye, uvimbe ukiwa umepungua, huwa nyepesi zaidi. Obinutuzumabu, kwa vile inashikwa kwa nguvu, inaleta mitetemeko hii zaidi. Nguvu ya dawa na kero ya dawa zinatoka mlango mmoja.

Ukipima damu ya mgonjwa baada ya dripu hiyo, utakuta NK zimepungua katika mzunguko, na zilizobaki zimepoteza CD16 nyingi. Zimezipeleka wapi? Zimezikata wenyewe. NK ikishaamka, kimeng'enya kilicho juu ya ngozi yake, ADAM17, kinavikata vipokezi vya CD16 na kuviachia vielee ndani ya damu. Kwa muda mrefu jambo hili lilionekana kuwa hasara tupu, na watu wakafikiria dawa za kukizuia kimeng'enya hicho. Kisha mwaka 2018 watafiti wa Manchester wakaonyesha sura nyengine: kukata CD16 ndiko kunakoiwezesha NK kujibandua kwenye maiti ya seli ya kwanza na kwenda kwa ya pili. Isiyoweza kukata inabaki imeng'ang'ania palepale. Basi ukizuia ukataji unapata mshiko mrefu na mauaji machache. Mimi napenda sana matokeo kama haya, yanayomlazimisha mtu afute alichokwisha kukiandika ubaoni.

Pamoja na hayo, kuchoka kupo. NK iliyokutana na seli zilizojaa kingamwili inatoka hapo uwezo wake wa kuua umepungua kwa muda, ingawa ile kazi ya kutoa intaferoni gama inaweza kuendelea, na kwa obinutuzumabu hata kuzidi. Dawa nyingi zaidi kwa wakati mmoja si lazima zilete mauaji mengi zaidi.

Kisa kinachonishangaza zaidi ni cha mieloma, saratani ya seli za uboho zinazotengeneza kingamwili. Novemba 2015 Marekani iliidhinisha kingamwili mbili za ugonjwa huo ndani ya mwezi mmoja, daratumumabu na elotuzumabu, na kwa NK ziko mbalimbali kama mashariki na magharibi. Daratumumabu inashika CD38, ambayo imejaa juu ya seli za mieloma. Lakini NK nazo zinayo CD38! Basi dawa inazivaa NK zenyewe, NK moja inaushika mkia uliokaa juu ya mwenzake, na wanauana ndugu kwa ndugu. Hesabu ya NK katika damu inaanguka haraka baada ya dozi za mwanzo. Ungetarajia dawa ishindwe, nayo haikushindwa, ni miongoni mwa dawa bora kabisa za ugonjwa huo. Wachunguzi walipolinganisha, hawakuona kwamba waliopoteza NK nyingi zaidi ndio waliofaidika kidogo. Dawa hiyo ina njia nyengine za kuua, na NK chache zinazosalimika ni zile zenye CD38 kidogo. Elotuzumabu nayo inashika SLAMF7, alama iliyo juu ya mieloma na juu ya NK vilevile, lakini hapa kuishika NK ni kuiamsha, kwa sababu ndani ya NK ipo protini ya kupokea ishara hiyo ambayo seli ya mieloma haina. Peke yake elotuzumabu ni dhaifu. Ikipewa pamoja na lenalidomidi, dawa nyengine ya mieloma ambayo nayo inazichangamsha NK, inasaidia.

Kuna waliokwenda moja kwa moja kwenye breki. Monalizumabu ilitengenezwa iizibe NKG2A, moja ya breki za NK, na ikapewa pamoja na setuksimabu, kingamwili nyengine ya tiba, kwa wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo. Matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 2022 jaribio lake kubwa likasimamishwa kwa kukosa faida. Nalitaja kwa sababu pale mlangoni kijana mmoja aliniuliza kama ni kweli siku hizi "kinga inaongezwa tu, basi". Mwanangu, kinga si maji ya tangi. Na hizi chupa zinazouzwa zikiandikwa "huongeza kinga", anayeziuza hawezi kukwambia anaongeza seli ipi wala anaiachia breki ipi.

Niseme kidogo juu ya malaria, maana niko Chake Chake, mji wenye maabara ya Ivo de Carneri, na nitakuwa sina adabu nikipita bila ya kuitaja kazi ya aina hiyo. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichukua kingamwili kutoka kwa watu wazima wa Mali waliokwisha kujijengea kinga ya malaria, wakazichanganya na NK na chembe nyekundu zilizoingiwa na vimelea. NK zilizishika kingamwili hizo kwa CD16 ileile na kuzipasua chembe zenye vimelea, na chembe nzima zikaachwa. Yaani mbinu wanayoiuza wenye viwanda kwa fedha nyingi, miili ya watu wa nchi za malaria imekuwa ikiitumia bila ya risiti. Hizi sindano za kingamwili za kuzuia malaria zilizojaribiwa Mali, ambazo mwaka 2022 zilizuia maambukizi kwa asilimia 88 kwa dozi kubwa, zinafanya kazi kwa njia nyengine. Zinamkamata kimelea mapema, kabla hajaingia kwenye chembe nyekundu. Msizichanganye.

Sasa ya kazini. Kabla ya rituksimabu, mgonjwa lazima apimwe homa ya ini aina ya B, pamoja na kipimo cha kuonyesha kama aliwahi kuwa nayo zamani. Dawa inapozimaliza limfosaiti za B, virusi vilivyolala ini vinaweza kuamka na kuua. Mgonjwa akirudi Pemba na rituksimabu katika faili lake, macho yakiwa ya njano, usimwandikie malaria ukamwacha. Trastuzumabu nayo haina maana bila ya kipimo cha HER2, na kipimo hicho hakitoki kama kinyama kilichokatwa kilikaa siku nzima bila ya formalini, dawa ya kukihifadhia, au kilitiwa kwenye chupa ya spiriti kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Steroidi kwa dozi kubwa zinazifubaza NK, hilo linajulikana, lakini asitoke mtu hapa akamwachisha mgonjwa deksamethasoni, steroidi aliyoandikiwa. Ipo pale kwa sababu, na katika mieloma ni sehemu ya tiba yenyewe.

La mwisho ni la mafundi wa benki ya damu. Nimesema daratumumabu inashika CD38. Chembe nyekundu nazo zina CD38 kidogo. Mgonjwa aliyepata dawa hiyo ukimpima kundi la damu, A, B, O na Rh, utapata jibu sahihi. Ukifika kwenye kulinganisha kwa kipimo cha Coombs, kinachotafuta kingamwili zilizoshika chembe nyekundu, atagombana na kila chupa uliyonayo kwenye friji, na hali hiyo inaweza kuendelea hadi miezi sita baada ya dozi ya mwisho. Utadhani mgonjwa ana kingamwili dhidi ya damu ya watu wote. Si yake, ni ya dawa. Maabara zenye dawa ya DTT zinazitibu chembe za kipimo kwanza ili CD38 iharibike, lakini DTT inaharibu pia alama za Kell, kundi jengine la damu, kwa hiyo huchaguliwa damu isiyo na Kell. Pasipo na DTT, msaada mkubwa ni karatasi: kundi na alama za damu yake zipimwe kabla hajaanza dawa, ziandikwe kwenye kadi anayotembea nayo, na jina la dawa liandikwe kwa herufi kubwa juu ya fomu ya kuombea damu. Tafadhali msiandike "anatumia dawa za saratani" mkaishia hapo, kwa sababu fundi aliyeko zamu ya usiku hatajua kama anasoma habari za kemo au za daratumumabu.